Milango Miwili, Wakwe Wawili

Rodney anaoa! Anamwoa Bella, binti ya Cyrus wa mlango wa kulia!

Muaither, Doha
Ijumaa, baada ya kanisa

Kwa Bwana Fabian, Meneja wa Kiwanda cha Malori

Mheshimiwa,

Sasa nakusalimu. Natumai presha imeshuka. Edith wa ofisini kwako aliniambia.

Mimi ni Rael, mke wa Philip Mutai wa mlango wa kushoto. Marehemu baba mkwe wangu alifunga kwa bolti mlango wa kushoto wa lori la kwanza kutoka kiwandani humo, kisha akamwachia Philip spana yake. Cyrus naye alirithi mlango wa kulia kwa babake. Miaka ishirini na sita wametazamana kupitia madirisha ya malori. Na desturi unaijua: lori likiisha, mlango haupigwi ujifunge mpaka wa upande wa pili aseme "tayari". Hapo hupigwa yote miwili pamoja, ukasikika mlio mmoja.

Watoto wao wamekutana huku ugenini Doha, ninakofanya kazi nami, kanisani Mesaimeer. Bella ni muuguzi. Rodney wangu ni wa kompyuta, na ofisi yake ina baridi hadi anavaa sweta mwezi wa saba, Doha hii! Nilikuwa nashona nguo ya sherehe Philip aliponitumia picha ya notisi yako: kuanzia mwezi ujao mtu mmoja atafunga milango yote miwili, na kati ya Philip na Cyrus mmoja aende nyumbani. Khalas, mambo yameisha; sindano ikanidunga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huyo mtu mmoja atamwambia nani "tayari"? Atafunga wa kulia, azunguke lori lote, afunge wa kushoto. Hayo ni matembezi, si kazi.

2. Tutaketi vipi siku ya koito, wazee wakipanga mahari? Ukimfuta Cyrus, itasemwa tumemchukulia binti na kazi pia. Ukimfuta Philip, nitakuwa nawapeleka ng'ombe wangu kwa mtu aliyekalia kiti cha mume wangu. Hata hao ng'ombe wataona haya.

3. Unasema watu wananunua malori yaliyokwisha tumika ng'ambo. Hilo ni kosa la watu, si la milango. Serikali iamuru kila bwana arusi aje na lori jipya. Ataonekana kwa mbali, na mashangazi wote wataenea nyuma.

4. Mlifanya kazi siku sita kwa wiki, zikawa tatu, sasa ni Jumanne peke yake. Siku nyingine Philip anashinda nyumbani akibadilisha bawaba za choo. Zimebadilishwa mara tatu. Majirani wanauliza tunaficha nini humo. Kwa hiyo Jumanne hiyo iheshimiwe kama ibada. Mfanyakazi asikose hata dakika, iwe arusi, iwe matanga.

5. Kama tatizo ni watu wengi na milango michache, ongezeni milango. Lori liwe na minne. Ikiwezekana sita, maana Rodney na Bella watazaa, na kwetu mtoto hazaliwi bila mlango wake.

6. Na kama lazima mtu apunguzwe, anzeni na wanaopunguza watu. Ofisini mko kumi na mmoja, kwa malori mawili kwa wiki!

Nakuomba kwa heshima zote uwaache wote wawili, kila mtu upande wake.

Msalimie mkeo, Edith, askari wa langoni na wote wanaonikumbuka kwa chapati zangu. Mungu akulinde, na akubadilishe mawazo.

Ni mimi,
Rael, Mama Rodney

Nyongeza: Nilikuwa nimeshagundisha bahasha Philip akapiga simu, akilia na kucheka. Jumanne iliyopita alitia sahihi fomu ya kuacha kazi, kisirisiri, ili Cyrus abaki. Leo amegundua kwamba Cyrus naye alitia sahihi siku ileile, ili yeye Philip abaki. Miaka yote hiyo, na mara hii kila mmoja amepiga mlango bila kumngoja mwenzake aseme tayari! Kwa hiyo puuza namba moja hadi sita. Malori hayatakuwa na wa kuyafungia milango kushoto wala kulia, basi funga kiwanda siku ya koito, uje na wote kumi na mmoja wa ofisini, na mafundi wa laini nzima. Koito ni nyumbani kwa Cyrus, tarehe nane Desemba, Jumanne.