Duka Langu Ni Muhimu

Jumatatu, tarehe 1 Juni

Pikipiki yenye spika imepita senta nzima asubuhi, kuanzia njia panda ya Nyakahura mpaka mnadani. Ugonjwa umekaribia. Kuanzia Ijumaa maduka yote yafungwe mwezi mzima, isipokuwa maduka muhimu. Chakula, dawa, sabuni, pembejeo. Mengine kamati ya kata itapita kuyakagua. Wenye maduka wote tulikuwa tumetoka barazani, kila mmoja anamtazama jirani yake kumpima umuhimu.

Bango langu linasema: NDASSA SHEREHE. VITI, MATURUBAI, SUFURIA, SUTI ZA HARUSI. Viti vya plastiki mia mbili, vyeupe. Maturubai matatu. Suti mbili, moja amevaa sanamu asiye na kichwa. Harusi zimepigwa marufuku leo hii hii. Kwenye misiba, watu kumi tu, na watu kumi wanakaa kwenye mkeka.

Saa nane kaja Mzee Idefonsi, mwenye chumba ninachopanga. Shikamoo, marahaba. Akasema kwa upole, kama anavyosema kila kitu, kwamba chumba kikifungwa mwezi mzima mchwa wanakula dari. Kwa hiyo nisiporuhusiwa kufungua, atampa Niyibizi, fundi baiskeli wa kibanda cha jirani, apanue. Nikachungulia nje. Niyibizi alikuwa anapima ukuta wangu kwa hatua. Aliponiona akanisalimia na kuuliza hali ya watoto. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Niyibizi, ana adabu.

Miaka saba nimo humu. Wanangu wawili wamejifunza kutembea wakishikilia viti hivi. Sitoki.

Tatizo ni moja. Mwenyekiti wa kamati ni Mama Mkwe. Jina lake siandiki, hata humu ndani. Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali naye, hapiti naye njia moja. Miaka tisa nimemwoa Rozina, na kila nikimwona mama yake anakuja naingia kwenye mahindi. Kama si msimu wa mahindi, naingia popote. Serikali inasema mita moja. Mimi na Mama Mkwe tumekaa mita hamsini kabla ugonjwa haujazaliwa.

Jumanne, tarehe 2 Juni

Nimepata akili. Kama duka la chakula na sabuni ni muhimu, duka langu liwe la chakula na sabuni. Nimeleta gunia la dagaa kutoka mnadani, chumvi, na miche ya sabuni. Viti nimevipanga vinne vinne kuwa meza, dagaa nikawaanika juu yake. Vilivyobaki nimevirundika nyuma na kuvifunika kwa turubai. Sanamu nimempachika mche wa sabuni mfukoni. Anapendeza.

Rozina kaingia, akasimama mlangoni, akaziba pua. Akasema mama yake kamtuma kuna jambo aniambie kuhusu kamati. Nikamwambia aniachie mambo ya kamati, mwanamume nipo kazini. Akaniuliza nakumbuka mwenyekiti ni nani. Nikamwambia aje nimwonyeshe sabuni zilivyopangwa. Kaondoka bila kuziangalia.

Jioni paka watatu wamekaa barazani. Wateja hakuna. Nikanusa suti ya bwana harusi. Dagaa watupu.

Jumatano, tarehe 3 Juni

Niyibizi keshapitishwa na kamati! Hajafanya lolote. Hajaandika barua, hajaleta gunia, hajahama hata kiti. Muuguzi wa zahanati alipata pancha mbele ya kibanda chake, Niyibizi akatia kiraka, muuguzi akaenda kuwaambia kamati kwamba bila fundi baiskeli hafiki kazini. Basi. Watu wengine Mungu anawatobolea matairi ya wenzao ili wao wafanikiwe.

Nikaenda kwa mtendaji wa kata, Bwana Fabiani, kujieleza. Akasema hakuna kujieleza ofisini. Ukaguzi ni kesho. Kila mwenye duka asimame mlangoni mwake, aulizwe, ajibu, mbele ya mwenyekiti.

Nimerudi nyumbani moja kwa moja. Mbele ya mwenyekiti! Nikamwomba Rozina asimame badala yangu. Akauliza aseme nini. Nikamwambia aseme tumekuwa tukiuza dagaa tangu zamani. Akasema hawezi kumdanganya mama yake, na kwanza huyo mama ana jambo. Nikamwambia jambo lisubiri ukaguzi uishe. Akaenda kumenya mihogo. Huyu mwanamke ananivumilia, na mimi najua.

Lakini akili imekuja tena. Turubai! Nitalitundika katikati ya duka kama pazia. Mimi nyuma, kamati mbele. Sauti yangu itajibu, uso wangu hautaonekana. Mila imetunzwa na serikali imejibiwa.

Alhamisi, tarehe 4 Juni

Mikono inauma, lakini naandika ili siku moja watoto wajue.

Kamati ilifika saa nne. Nikasikia viatu, nikasikia daftari likifunguliwa. Mtendaji akauliza mwenye duka yuko wapi. Nikajibu kutoka nyuma ya turubai kwamba yupo. Akauliza mbona haonekani. Nikasema ni kwa sababu ya heshima. Hapo mtu mmoja akakohoa kidogo, nikajua ni yeye, nikainamisha kichwa hata kama kulikuwa na turubai.

Akauliza nauza nini. Nikataja dagaa, chumvi, sabuni, kwa sauti nene. Ilikuwa inakwenda vizuri. Mtendaji akawa anaandika.

Ndipo paka akaruka. Alitoka juu ya kenchi ya paa, akakosa dagaa, akadaka turubai. Kamba ikakatika. Turubai likashuka lote, na mimi nikabaki nimesimama mchana kweupe, hatua mbili kutoka kwa Mama Mkwe.

Nilifanya anachofanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Nikachukua sufuria la pilau la watu hamsini, nikalivaa kichwani, nikatoka mbio mlango wa nyuma. Ndani ya sufuria huoni. Nikaingia kibanda cha Niyibizi, nikagonga baiskeli iliyoning'inizwa, nikaanguka nayo. Niyibizi alinivua sufuria polepole, akaniuliza kama nimeumia, akanipa maji. Nilikunywa. Sikumshukuru, nilikuwa na hasira.

Kwa ujumla naona ukaguzi ulikwenda vizuri. Dagaa waliwaona.

Ijumaa, tarehe 5 Juni

Orodha imebandikwa ukutani kwa mtendaji. Maduka kumi na manne. Niyibizi namba tano. Nilisoma mara ya kwanza, sikujiona. Mara ya pili nikaona namba saba imekatwa kwa kalamu nyekundu. Nikasogeza jicho. Chini ya wino pameandikwa: Ndassa, viti.

Nikarudi nikipiga kelele njia nzima kwamba nina adui. Rozina alikuwa anaanua udaga wa mihogo. Akaniambia nikae chini, na safari hii alinishika mkono mpaka nikakaa.

Jambo lenyewe ndilo hili. Siku ile ya Jumatatu, kamati ilipokaa mara ya kwanza, mama yake aliniandika namba saba. Zahanati ina benchi moja. Wagonjwa wanabanana pale, wengine wanakaa chini kwenye kokoto, na ugonjwa wenyewe ndio unataka watu wasibanane. Mama Mkwe alisema kijiji kina viti mia mbili na maturubai matatu, vyote viko kwa mtu mmoja, na duka hilo lisifungwe hata saa moja. Wenzake walicheka, duka la harusi! Alibishana nao mpaka wakakubali. Kilichobaki ni wakaguzi waje waone viti.

Walikuja. Hawakuona viti, vyote vilikuwa chini ya dagaa na turubai. Waliona genge la dagaa, na senta ina magenge sita tayari. Mtendaji akakata kwa wino mwekundu mbele ya Mama Mkwe.

Nimeona aibu. Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma: nililia kidogo. Si kwa sababu ya chumba peke yake. Mtu ambaye miaka tisa hajanitazama usoni alinisimamia, na mimi nikamjibu kwa sufuria.

Duka nimefunga saa sita mchana, kama nilivyoamriwa.

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Tangu alfajiri mimi na Rozina tulikuwa kisimani tunaosha viti. Mia mbili. Sabuni nilikuwa nayo ya kutosha, hilo silijutii. Harufu imepungua, haijaisha. Dagaa wote nimegawa kwa majirani, na paka wamepata haki yao.

Mchana nikawa ndani navirudisha, mlango umefungwa, nasikia nje Mzee Idefonsi anamwambia Niyibizi aje Jumatatu na futi yake ya kupimia. Sauti ya upole ile ile. Niyibizi akamjibu kwamba asiharakishe, huenda Ndassa bado ana la kufanya. Niliposikia hivyo nikakosa mahali pa kuiweka hasira yangu.

Saa kumi nikasikia mtu nyuma ya duka. Nikachungulia tundu la tofali. Mama Mkwe! Kasimama nje, kageuza mgongo, uso kauelekeza kwenye mgomba. Nikajibanza kwenye pembe. Yeye akaanza kuongea na ukuta.

Akamwambia ukuta kwamba jana kule zahanati mama mjamzito kutoka Mbuba alikaa kwenye kokoto tangu asubuhi mpaka alasiri. Akamwambia ukuta kwamba yeye ni mzee, ameona mengi, lakini hajasahau siku aliyomzika mumewe, mwaka juzi. Mawingu yalikuwa meusi. Kabla hajamtuma mtu, akaona turubai limesimama uani na viti vimepangwa chini yake. Mwenye viti alikuwa amevileta kwa kupitia nyuma ya nyumba ili wasikutane, akafunga kamba, akarudi kwenye mahindi. Mvua ikamnyeshea huko huko mpaka maziko yakaisha. Akasema alimwona. Akasema mila ilimfunga mdomo asimshukuru, na ukuta umfikishie.

Mimi sikujua kama alijua. Nilidhani mahindi yamenificha.

Nikasogeza mdomo kwenye tundu la tofali. Nikamwambia ukuta shikamoo. Ukuta ukaitikia marahaba.

Miaka tisa. Ndiyo salamu yetu ya kwanza.

Akaendelea kama mwenyekiti sasa. Viti viwe zahanati kesho kabla ya jua. Mtendaji atakuwepo avione kwa macho yake, na kalamu nyekundu ataiacha ofisini. Tena mwenye viti apeleke viti. Viti tu. Hilo la mwisho aliuambia ukuta mara mbili.

Jumapili, tarehe 7 Juni

Viti mia na ishirini na maturubai yote matatu vipo zahanati. Niyibizi alivibeba kwa baiskeli, safari kumi na mbili, bila kuombwa. Nilimshukuru. Haikuwa rahisi.

Muuguzi alipima kwa kamba, kiti na kiti, mita moja. Watu wakakaa. Mama wa Mbuba alirudi leo, akakaa kwenye kiti, akaegemea, akafumba macho. Mtendaji alinusa hewa mara mbili. Akaandika namba kumi na tano: Ndassa, viti. Muhuri ukapigwa.

Mzee Idefonsi amesema dari langu ni zima na halina mchwa wowote. Mama Mkwe alipita upande wa pili wa uwanja, nami nikaingia kwenye migomba, lakini taratibu, siyo mbio. Nimefurahi sana leo. Siwezi kuficha.

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Nimefungua duka saa moja kamili, mlango wazi, bango limepanguswa. Duka muhimu. Nimewaza sana kilichonifikisha hapa, na nikiangalia kwa makini naona ni mipango yangu. Bila turubai kuanguka, nani angezungumza habari zangu?

Saa nne nimekwenda zahanati kukagua viti, kwa cheo changu kipya. Vimependeza. Lakini watu walikuwa wengi kuliko viti, wengine wamesimama juani, wazee kwa watoto. Imeniuma. Nikakaa pembeni nikavitazama mpaka nikaona kosa ambalo muuguzi, mtendaji na kamati nzima hawajaliona. Ile nafasi kati ya kiti na kiti imekaa bure! Nimeipima kwa macho. Kinaingia kiti kimoja kizima bila kugusa.

Dukani nimebakiwa na viti themanini. Kesho kabla jua halijatoka navipeleka vyote nikavichomeke. Simwambii mtu. Mama Mkwe atafurahi.