Helipadi ya Mama Bariki

Jumatatu, 14 Julai

Daftari, hujambo. Sijui shajara huanzwaje, kwa hiyo naanza kama barua, salamu kwanza. Sisi wa hapa Mwamgongo hatujambo. Mzee Nehemia, baba Bariki, hajambo ila goti. Mama mkwe, bibi Scola, hajambo, macho tu ndiyo yana ukungu. Recho, kitinda mimba wangu, hajambo, anakula kama mvuvi. Bariki yuko Kigoma mjini, kazini uwanja wa ndege. Naye naamini hajambo, ingawa jana hakupiga simu na nimeshinda na mawazo. Ndiye aliyekununua wewe. Alisema mama andika, nikija nitasoma.

Habari kubwa! Jumamosi madaktari wa macho wanakuja kwa helikopta. Mwenyekiti Gervasi anatafuta mahali itakapotua. Huku kwetu ni mlima halafu ziwa. Tambarare ni mbili tu: ninapoanika dagaa mimi, na anapoanika jirani yangu Honorata.

Lazima itue kwangu. Bariki ndiye huongoza ndege. Kijiji kizima nimeshakiambia.

Jumanne, 15 Julai

Mkutano. Honorata alitoa pake, akajisifu hapana mawe. Nikasimama. Nikawaeleza alivyonifundisha Bariki. Uwanja wa ndege ni pote, pamoja na vyoo vyake. Njia ya kurukia ni ile barabara ya lami ndege inapokimbilia. Maegesho ndipo inapopumzika. Lakini helikopta haitaki barabara, yake ni helipadi, na helipadi huwekwa kwa mtu anayeijua. Hilo la mwisho niliongeza mwenyewe.

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali, kwa heshima. Nimepewa!

Honorata hakukubali kushindwa kimya. Alisema shemeji yake alipita uwanjani akamwona Bariki kwa macho yake. "Mama Bariki, mwanao haongozi kitu. Anafukuza kunguru."

Watu walicheka. Nami nilicheka, wasijue nimeumia. Usiku ugali wangu nilimpa Recho.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepanga mawe duara, nimeyapaka chokaa. Katikati herufi H. Recho anasema mguu mmoja mfupi. Nimemwambia helikopta haisomi.

Bariki alipiga. Akasisitiza pawe patupu kabisa, kusiwe na kitu cha kuruka. Nikamwambia pametakata. Dagaa nimewaacha pembeni tu, wageni waone mali ya ziwa letu. Dagaa haruki, ameshakufa.

Habari ya kunguru sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Ijumaa, 18 Julai

Bariki amefika na boti ya jioni. Amekonda. Alikula sahani mbili, kisha akasema mwenyewe, akitazama chini. Ni kweli. Kazi yake ni kufukuza kunguru na mwewe wasiingie kwenye injini. Aliona haya kunieleza.

Nikamuuliza kama wanampa chakula cha mchana. Wanampa. Basi, moyo ukatulia upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa unamuwaza Honorata.

Nikamwomba kesho asimame tu katikati apunge mikono, nani atajua? Akakataa. Kafanana nami kwa ubishi.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi Bariki aliwaona dagaa, akaagiza niwaondoe wote. Niliwaondoa. Alipokwenda kuoga ziwani nikawarudisha, maana jua lilikuwa zuri mno.

Helikopta ikatokea juu ya ziwa. Kijiji chote kimejaa, bibi Scola kashikwa mkono na Recho, mbele kabisa. Ikaanza kushuka. Upepo! Dagaa wangu wakainuka wote kama wamefufuka. Wakatua kwenye mabati, kwenye vilemba, kwenye kofia ya mwenyekiti. Na kunguru wa pwani nzima wakaja kula.

Bariki alikuja mbio, nywele zinachuruzika maji. Alimpungia rubani arudi juu, akarudi. Akanyakua sufuria yangu, akawa anaigonga na kupiga mluzi, huku akiwapanga vijana wamzunguke na kanga za mama zao. Hakukimbia ovyo. Alijua kunguru ataruka kuelekea wapi kabla mwenyewe hajajua. Anga ikabaki tupu. Ndipo akaiita helikopta kwa mikono miwili, taratibu, ikakaa juu ya H yangu. Mguu mfupi haukuonekana.

Rubani alishuka akamshika mkono. Akasema mbele ya wote: "Bila huyu nisingetua. Kunguru mmoja tu angetumaliza."

Nilitamani niwe na mdomo wa pili wa kutabasamu.

Honorata alikuja jioni na bakuli. Dagaa wangu, kutoka kwenye bati lake. Akasema wamefika kwake kwa ndege, hawezi kuwala bila ruhusa. Halafu, kwa sauti ndogo, kumbe kufukuza kunguru nako ni kazi. Nikamwachia bakuli.

Jumapili, 20 Julai

Bariki ameondoka. Jicho moja la bibi Scola limeoshwa, anasema nimezeeka.

Nimesikia kuna ndege zinazotua juu ya maji. Nimeshamweleza mwenyekiti kwamba maji ya mbele ya nyumba yangu ndiyo yaliyolala sawasawa kuliko yote. Kesho Recho atapanga mitumbwi ufukweni, tuanike dagaa juu yake, wageni waone.

Bariki, najua utasoma hapa. Mahali ndege inapotua majini panaitwaje? Nijibu upesi mwanangu, kabla Honorata hajamuuliza shemeji yake.