Vita vya Sentensi Moja katika Ofisi ya Mabweni

Sogeeni, enyi mnaopenda habari za mashujaa, na wenye simu wazizime, kwani leo sisimulii majemadari waliobomoa ngome wala wafalme waliovuka mito; nasimulia namna Binti wa Fundi Cherehani, Mwenye Ulimi Usiokimbizwa, alivyomaliza sentensi moja mbele ya watu wazima watatu. Msicheke. Wengi wenu hamjawahi kumwacha mwenye ulemavu afike kwenye nukta.

Binti huyu alizaliwa na misuli migumu, hata neno hutoka kinywani mwake polepole, ingawa hutoka likiwa zima. Mwenda pole hajikwai, lakini nani ana subira? Alikuwa amefaulu sekondari na kupata nafasi chuoni. Basi chuo kikaweka sheria: asiyeweza kujieleza mwenyewe mbele ya Afisa wa Mabweni atakuja na mlezi, walale chumba kimoja mpaka amalize masomo. Mama yake, huyo fundi mwenyewe, alikwisha kufunga mto wake na beseni.

Na ni nani aliyemwandaa shujaa wetu kwa siku hiyo? Ni Mwalimu wa Ushauri, Simba wa Semina, aliyewafundisha wanafunzi wenye ulemavu kule sekondari somo la kujitetea mwaka mzima, akisema yeye peke yake. Walitoka humo wakiwa mabingwa wa kunyamaza.

Majeshi yakakutana ofisini, feni ikikwaruza juu, na afisa akiwa ameshaweka funguo za gari juu ya faili, maana saa ya chakula ilikaribia. Akamtazama mama.

"Haya mama, binti anataka nini?"

"Nataka," akaanza shujaa.

"Maji," akasema mama, na bilauri ikaletwa.

Shujaa hakuigusa. Akarudi mwanzo, kama fundi anayefumua mshono uliopinda. "Nataka chumba..."

"Mheshimiwa Afisa," akanguruma Mwalimu, akiinuka na kufunga kifungo cha koti, "anachotaka mtoto huyu ni kuaminiwa. Ni kushikwa mkono. Ni jamii itakayompa sauti, nami nasimama hapa kwa niaba ya sauti hiyo."

Alisimama kwa niaba yake muda wa kuivisha maharage. Alipoketi, binti akaanza tena, "Nataka," na afisa akashika kalamu. "Chumba cha wawili, yeye na mama. Nimeelewa."

Hakuelewa kitu. Binti akarudi mwanzo, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake: kila alipokatizwa, alianza upya, bila kupandisha sauti wala kutoa chozi. Wakamkatiza, akaanza, wakamsaidia, akaanza, wakamhurumia, akaanza. Tumbo la afisa likanguruma kumshinda Mwalimu. Ndipo wasomi wale walipogundua, kwa jasho jingi, kwamba njia ya mkato ya kufikia sahani ni kufunga mdomo.

"Hebu nyamazeni," afisa akasema. "Nina njaa."

Si heshima iliyowanyamazisha, jamani, ni njaa. Naona aibu kuwasimulia.

"Nataka chumba cha chini," binti akasema, neno baada ya neno, "changu peke yangu. Mama abaki nyumbani. Aje kunitembelea, kama wazazi wengine."

Afisa akamgeukia mama. "Amesemaje?"

Mama akafungua kinywa kilichomsemea mwanawe tangu utotoni. Mkoba ameukumbatia.

"Si umemsikia, baba," akajibu kwa sauti ndogo. "Muulize mwenyewe."

Andikeni, enyi waandishi wa nyakati, mchonge na mawe kama yapo: siku hiyo, kabla ya chakula cha mchana, Afisa wa Mabweni aligeuza kiti chake, akamtazama binti usoni kwa mara ya kwanza, akauliza, "Cha chini, upande gani?" Binti akaanza kujibu, na watu wazima watatu wakakaa kimya, mmoja wao akilia, mpaka akamaliza.