Mtoto wa Digrii Thelathini na Moja

Leo nimepata aibu ya kunitosha mpaka siku Riziki atakapoolewa. Riziki ni binti yangu, ana mwaka mmoja na miezi miwili. Someni polepole, bado nina hasira, na sijui ni hasira ya nani. (Najua. Ni yangu.)

Asubuhi, saa mbili na nusu. Baba yake yuko Yangambi kwa kazi. Mtoto anaamka analia, kisha anaacha kulia, anaanza kutetemeka. Mikono baridi. Miguu baridi. Midomo inacheza. Nachukua kipimajoto chetu cha pile, kile cha betri. Nabonyeza. Kimya. Nakipiga kwenye goti. Kimya. Pile imekufa!

Ndipo nikatazama ukutani.

Pale ukutani Papa mkwe wangu, Papa Ramazani, ametundika kipimajoto cha kioo ndani ya ubao mweusi, mrefu kama mwiko wa fufu. Baba yake Papa alipewa na mzungu mzee kule Yangambi, mzungu akirudi kwao. Juu ya kioo kuna namba, na herufi moja kubwa: R. (Miaka mitatu ya ndoa niliamini ni R ya Ramazani.) Kila asubuhi Papa anakisoma na kuandika katika daftari, kama baba yake alivyofanya. Na kila asubuhi tunagombana.

"Leo ishirini na mbili," anasema.

"Papa, simu inasema ishirini na nane."

"Simu iko inaongopa. Iko inasoma joto ya kwa bazungu."

"Kwa bazungu iko baridi, Papa!"

"Basi iko inaongopa mara mbili. Hii yangu haina pile. Haiwezi kuongopa."

Hicho ndicho kitu nilichokicheka miaka mitatu. Leo Papa alikuwa amekwenda kunyoa ndevu, nami nikachomoa kioo kwenye ubao wake, nikakifuta, nikakiweka kwapani mwa mtoto. Nikangoja. Ule mstari mwekundu ukapanda, ukapanda, ukasimama.

Thelathini na moja.

Sasa, miye si mjinga. Nina diplome d'État ya sekondari! Biolojia nilipata alama nzuri! Mtu ni thelathini na saba. Chini ya thelathini na tano, hatari. Thelathini na moja, mwalimu wetu alisema, moyo unaweza kusimama wakati wowote. Nikamtazama Riziki anavyotetemeka, nikaona kaburi.

Nikapiga kelele. Nikamfunga blanketi. Nikaongeza blanketi la pili. Kofia ya sufu. Soksi za baba yake, zikamfika kiunoni. Nikarukia toleka, baiskeli ya abiria ya kwanza iliyopita, mtoto kifuani, kioo mkononi kama upanga.

Mwenye baiskeli akageuka. "Mama, jua hii yote, unamufunika mutoto na blanketi mbili?"

"Piga pedali, siyo mudomo!"

Akapiga pedali.

Kwenye kituo cha afya, mabenchi yamejaa wamama na watoto. Sikuona benchi. Sikuona mtu. Nikapita katikati mpaka mezani kwa infirmière, muuguzi wa zamu.

"Mama, rudi mu foleni."

"Foleni ya nini? Mutoto yangu iko anapoa! Iko na thelathini na moja!"

Mabenchi yote yakatugeukia. Mama mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mwingine akafungua kikwembe chake cha mgongoni, akamwongezea Riziki, ambaye sasa alikuwa kama kwanga ya muhogo ndani ya majani. Nilitaka kulia kwa wema ule. Infirmière akasimama mbio, akamlaza mtoto, akaanza kufungua. Kikwembe. Blanketi. Blanketi. Akaweka kipimajoto chake. Kikalia.

"Mama, mutoto iko na homa. Thelathini na tisa na kidogo. Nani alimufunga hivi?"

"Hiyo yako imekufa!"

"Imekufa namna gani? Si imelia?"

"Inalia bure! Ona hii!" Nikainua kioo juu, wote waone. "Hii haina pile! Haiwezi kuongopa!"

(Maneno ya Papa. Kutoka kinywani mwangu. Mbele ya watu.)

Infirmière alimgeukia mtoto. Kwanza alimpa Riziki dawa ya homa, akamtoboa kidole kwa kipimo cha malaria, akanipa kitambaa chenye maji nimpanguse. Halafu akachukua kioo changu, akakipangusa vizuri, akakitia kwapani mwake mwenyewe. Tukangoja. Foleni nzima ilikuwa imesimama. Akakitoa, akasoma.

"Ishirini na tisa na nusu." Akanitazama. "Basi miye nilikufa zamani."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa yule mama wa sala. "Nipime na miye!" Ishirini na tisa. Mlinzi wa mlangoni naye akaja, akafungua shati. Ishirini na tisa na nusu. Kituo kizima maiti, na maiti wanacheka mpaka wanashika mbavu! Mwishowe infirmière akakirudisha kwa Riziki. Thelathini na moja na kidogo.

"Mama Riziki," akasema taratibu, "hata na hii yako, mutoto ndiye anapita sisi wote na moto."

Wapendwa. Hapo nilitamani sakafu ifunguke. Nina diplome d'État.

Kelele zikamtoa tonton wa laboratwari, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilijua anakuja kumalizia kunicheka. Akachukua kioo, akakigeuza kwenye mwanga, akaona ile R. Hakucheka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, ulipata hii wapi?"

"Kwa Papa mkwe. Imeharibika."

"Imeharibika? Kuja uone."

Nyuma ya kituo kulikuwa na sufuria juu ya makaa, maji yanachemka, yale wanayochemshia vyombo. Akakishika kioo kwa kibanio, akakishusha ndani ya maji polepole. Mstari mwekundu ukakimbia. Arobaini. Sitini. Sabini. Nikajua utafika mia, shule ilisema mia. Ukafika themanini, ukasimama. Maji yanachemka kwa nguvu, mstari hautikisiki. Themanini!

"Hii ni Réaumur," akasema. "Mufaransa mumoja wa zamani sana. Barafu yake ni sifuri, kama ya Celsius. Lakini maji ikichemka, Celsius anahesabu mia, yeye anahesabu themanini. Miye niliisoma mu kitabu tu. Sikudhani nitaiona na macho." Alikuwa ananong'ona, kama mtu aliye msikitini. "Gawa kwa nne, kisha zidisha kwa tano. Fanya ya mutoto."

Nikachukua kijiti, nikaandika chini kwenye mchanga. Thelathini na moja kwa nne, saba na robo tatu. Mara tano. Thelathini na nane na robo tatu.

Homa. Kioo kiliniambia homa tangu nyumbani, kwa sauti kubwa, na miye nikamwongezea mtoto blanketi.

Halafu nikafanya nyingine, mkono wenyewe ukiandika. Ishirini na mbili, ya Papa. Gawa, zidisha. Ishirini na saba na nusu. Na simu, ishirini na nane! Nikabaki nimechuchumaa pale mchangani, nywele zimenisimama. Asubuhi zote zile tuligombana, na hakuna aliyeongopa. Jua ni lile lile. Baba yake Papa, na Papa baada yake, waliandika ukweli kila siku, na sisi tukawacheka.

Malaria ilionekana. Wametupa dawa. Jioni hii Riziki ametokwa jasho, amekula lituma ya ndizi, amenivuta nywele. Kiburi chake kimerudi.

Papa nilimkuta anatazama ubao mtupu ukutani. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, hata ya toleka.

"Papa, haikuongopa hata siku moja."

"Nilisema." Akaugusa ule ubao mtupu. "Na simu?"

"Nayo haikuongopa."

"Hapo sasa unazidisha."

Nikamwandikia hesabu. Akaitazama muda mrefu, kidole kikifuata namba moja moja. Kisha akaingia chumbani, akarudi na sanduku la bati, akalifungua miguuni mwangu. Daftari zake. Daftari za baba yake. Zimejaa mpaka kifuniko.

"Uko na diplome," akasema. "Anza."

Niko ukurasa wa tatu, nagawa kwa nne, nazidisha kwa tano. Anayetaka kucheka aje hapa, nitampima kwapani na kumtangaza maiti mbele ya foleni.