Mtu Asiyejulikana, wa Tatu Kutoka Kushoto

Jumatatu, 6 Mei

Nimetukanwa ukutani. Tena ukuta wa serikali!

Nimeingia makumbusho ya wilaya kutazama picha za zamani za mji wetu. Ipo ile ya daraja, siku lilipokamilika. Tumejipanga watu kumi na wawili mbele yake. Kumi na mmoja wana majina chini. Nikamwomba mlinzi anisomee langu, maana miwani ni ya watu waliomaliza macho. Akasoma: wa tatu kutoka kushoto, mtu asiyejulikana. Mimi! Mimi ambaye nikikohoa tu sokoni watu wanajua nimefika!

Nikaenda kwa mhifadhi, yule mama anayesimamia pale. Ana adabu, ananiita babu. Akasema maonyesho hubadilishwa kila miezi mitatu. Jumamosi saa sita mchana picha hizi zinashuka, zinafungwa kwenye maboksi, zinaingia stoo, na maelezo yake yanaandikwa kwenye daftari kubwa kama yalivyo. Nikitaka jina liingie, nilete shahidi aliyekuwepo siku ile, ajaze fomu. Nikahesabu. Kumi wamekufa. Mmoja ni mimi. Anabaki Timazi.

Basi shahidi hakuna.

Timazi ni mwashi mstaafu. Tulimpa jina hilo kwa ule uzi wake wa kupimia ukuta. Miaka kumi na moja iliyopita alipita kwangu akasema ukuta wa jiko langu umelala. Sijamsemesha tangu hapo. Ukuta kweli umelala, lakini yeye unamhusu nini?

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza. Kama jina langu halipo, sura ipo! Nimevaa koti, nimesimama pembeni ya picha vilevile nilivyosimama siku ile: mkono kiunoni, kidevu juu. Kila mgeni atazame picha, anitazame mimi, ashtuke.

Hakushtuka mtu. Bwana mmoja alinipa tiketi yake niikate. Mama mwingine alinikabidhi mwavuli, akasema anarudi sasa hivi. Nimeushika saa nzima na nusu. Aliporudi akaniambia asante mzee, kazi njema. Mlinzi akaja mara tatu kuniuliza kama nyumbani wanajua niliko.

Kiuno kinauma upande wa mkono.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa pili, huu ni wa akili. Nitaandika kibandiko mwenyewe! Nilifika darasa la tatu, na la tatu lenyewe nililisoma mara mbili, kwa hiyo ni kama la nne. Nimeandika herufi kubwa kwenye kadi: HUYU NI, halafu jina langu lote mpaka la babu, halafu MJENZI MKUU WA DARAJA. Imechukua asubuhi nzima. Gundi nimeomba kwa fundi viatu. Kaapa kwamba ikishika imeshika.

Mahali napajua kwa miguu. Kutoka mlangoni hatua kumi na mbili, kushoto hatua nne, mkono unagusa nguzo, picha iko hapo. Mlinzi alipokwenda kunywa maji, nikahesabu, nikagusa, nikabandika palepale kwenye maelezo yao. Nikabonyeza kwa gumba. Imekwisha!

Kulikuwa na watu wanapita na ngazi na nyundo. Sikuwajali.

Alhamisi, 9 Mei

Nimempeleka mke wangu akajionee. Njiani nikamkumbusha nilivyoweka jiwe la kwanza la daraja lile. Akasema anajua, nimemwambia miaka arobaini na tatu.

Pale kwenye nguzo watu walikuwa wamejaa, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikajua ni furaha ya kunijua. Mke wangu akavaa miwani yake. Akasoma. Kisha akasema nimetoka vizuri, hasa shingo.

Kumbe wale wa ngazi walikuwa wameanza kuhamisha! Picha za zamani wamezisogeza ukuta wa nyuma, na mahali pangu wametundika michoro ya wasanii. Jina langu lote, mpaka la babu, liko chini ya bata mzinga. Bata mwenyewe amejitutumua, mkia ameutandaza, ndevu nyekundu zinaning'inia. Mjenzi mkuu wa daraja!

Gundi ya fundi viatu ni kweli haibanduki. Mafundi wamejaribu maji ya moto. Mhifadhi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, babu, fomu bado ipo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda kwa Timazi. Ndiyo. Nimeandika, yameisha.

Aliniacha nimesimama uani kama mdai. Akauliza ukuta unaendeleaje. Nikasema umesimama. Akasema umesimama kwa kunionea huruma. Nikameza. Nikamwambia shida yangu. Akasema atajaza fomu, lakini ataandika alichokiona. Kwamba mimi sikuwa mwashi. Nilikuwa mchota maji. Kwamba mpiga picha aliita mafundi peke yao, nami nikatua ndoo nikajipenyeza, na hiyo ndoo inaonekana miguuni pangu kwa yeyote mwenye macho.

Nikamwambia ile si ndoo, ni kifaa cha kupimia. Akasema kifaa chenye mshikio?

Nikaondoka kwa hasira mpaka getini. Nikarudi. Tatizo si mhifadhi, tatizo ni mama watoto. Nilimposa kwa daraja lile! Nikamsihi aandike fundi msaidizi. Akakataa. Msaidizi wa msaidizi? Akakataa. Ndiyo maana tulimwita Timazi, mtu hapindi hata nusu inchi.

Jioni nimemweleza mke wangu ukweli wote huku nikitazama ukutani. Akaendelea kuchambua mchele. Akasema anajua. Siku zile alikuwa akifua ng'ambo ya mto, akiniona kila asubuhi nikipanda ukingo na ndoo mbili. Wengine waliochota mtoni walimwaga nusu njiani, mimi simwagi. Ndipo akamwambia dada yake, yule pale.

Miaka arobaini na tatu namdanganya mtu anayejua! Huo ni uvumilivu wangu au wake?

Jumamosi, 11 Mei

Timazi amekuja kwa suti. Ameandika taratibu kama anapanga matofali, mhifadhi akatusomea kwa sauti. Kwamba huyu alituletea maji. Kwamba alichelewa kila siku. Kwamba wiki aliyougua homa hatukuchanganya saruji hata karai moja, kazi ilisimama, tukajua ni nani anayejenga.

Nilitaka kumjibu hilo la kuchelewa. Nikaishia kumkung'uta vumbi begani.

Wakabandika jina langu, la kweli, chini ya picha ya kweli. Mchota maji. Saa sita kasoro dakika kumi. Nikasimama nalitazama. Timazi kasimama nami. Saa sita juu ya alama picha ikashuka, ikafungwa, ikaenda stoo.

Nimejulikana dakika kumi. Lakini niko kwenye daftari.

Jumatatu, 13 Mei

Maonyesho mapya yamefunguliwa kwenye ule ukuta wa nyuma! Timu ya mpira ya mji wetu, ile iliyochukua kombe zamani. Nimepita tu, sina neno na mtu.

Ila kuna picha moja. Nyuma ya goli, pembeni kabisa, kuna nusu ya uso. Sikio moja na shavu. Mgeni mmoja amenisomea chini: hajulikani. Nimelitazama lile sikio mpaka mlinzi akaja. Ni langu, nakula yamini! Nimemweleza mhifadhi kwamba nilikuwa nahodha wa akiba. Fomu ameitoa kabla sijavuta kiti.

Timazi anasema hataki hata kusikia. Kesho nitamwendea na chai.

Nyumbani nimeanza kumsimulia mke wangu lile goli nililofunga kwa kichwa dakika ya mwisho. Kauliza, akichambua mchele, siku hiyo tulicheza na nani.

Nimemwambia asubiri kidogo, linanijia.