Siku Kumi za Bepari

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Bwana Mifugo amepanda kijijini kwetu Vudee leo. Anaitwa Respicius, mtu wa Bukoba, ana miwani na viatu vilivyokuwa vyeupe asubuhi. Kikao mbele ya ghala la kijiji. Akasema katika kijiji cha Kisiwani mbwa mwenye kichaa ameuma ng'ombe wawili na mtoto mmoja. Mtoto amezikwa.

Jumatano wote tulete mbwa. Kila mbwa sindano moja na kibati chenye namba shingoni. Kuanzia Jumapili, asiye na kibati atapigwa risasi na mgambo.

Vizuri sana kwa mbwa wa watu. Lakini Bepari wangu! Ndiye anayefukuza nyani kwenye mahindi ya kijiji. Kwa ajili yake mimi, Tumainieli, miaka kumi na saba, darasa la sita kasoro mtihani, nimeandikwa mlinzi wa nyani na kusamehewa jembe. Na kila mtu anajua: mbwa akichomwa sindano, ukali unatokea palepale kwenye tundu. Nyani watamkalia mgongoni, nami nitarudi kuchimba matuta.

Nimepata akili. Bibi Rahabu, ninayeishi naye, ana jike kikongwe, Shukuru. Shukuru atachomwa kwa jina lake. Kisha nampaka masizi ya chungu awe mweusi, anarudi kuwa Bepari. Vibati viwili, mbwa mmoja. Wenye darasa la saba hawawezi kufikiri hivi.

Jumatano, 6 Agosti 1975

Ushindi!

Bepari nilimfungia banda la mbuzi. Aminieli, mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi, ndiye aliyeshika daftari la mbwa. Ana darasa la saba na hakuachi usahau. Aliita majina kwa sauti ya redio. Hapo ndipo Mungu aliponisaidia, maana watu wetu humpa mbwa jina ambalo jirani anapaswa kulisikia. Alipoita Mtasema Mchoke, mbwa wa mama Justa, jirani yake naye akasogea na wake, Hatujachoka. Wanawake wakaanza kutajana ukoo. Bwana Mifugo akaingia katikati kuamua, bomba la sindano mkononi.

Katika vurugu hiyo Shukuru alichomwa mara ya pili, mweusi kama sufuria. Namba 19 ni Shukuru, namba 26 ni Bepari. Maskini kikongwe alinitazama kama abiria aliyetozwa nauli mara mbili.

Niliporudi nyumbani, banda lilikuwa tupu. Bepari alikuwa amefukua chini ya ukuta. Alirejea jioni, miguu yote matope. Hakusema alikokuwa.

Alhamisi, 7 Agosti 1975

Nilikwenda kumvisha kibati chake cha heshima. Akanikumbuka mimi ndiye niliyemfungia. Akaniuma shavu la mguu, meno manne, akaenda zake kulala juani.

Nikasema si kitu. Bibi akasema Bwana Mifugo alieleza kikaoni, kama masikio yangu yalikuwepo: jeraha la mbwa ni maji mengi na sabuni, tena kwa muda, kisha zahanati. Akatoa kipande chake cha sabuni, kile anachofulia nguo za Sabato. Akanisugua huku akinihesabia makosa yangu tangu nilipoota jino. Makosa ni mengi. Mguu ukawa msafi kuliko uso.

Zahanati, Bi Mwamvita, muuguzi wetu, akauliza kama mbwa amechanjwa. Aminieli alikuwepo na daftari lake. Akafungua haraka, akasema ndiyo, namba 26, ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Bi Mwamvita akanigeukia mimi. Kama hakuchanjwa, akasema, ni sindano kumi na nne, moja kila siku, za tumboni, kuzunguka kitovu.

Nikakubali kwa kichwa kuwa amechanjwa. Kwa heshima ya daftari la Aminieli.

Ijumaa, 8 Agosti 1975

Mgambo wameua mbwa mgeni kule chini kwenye kijito. Alikuwa anatiririka mate, anauma mawe. Bwana Mifugo amepita nyumba hadi nyumba akiuliza ni mbwa yupi alizurura juzi. Mwenye kibati asihofu sana, akasema.

Nikakumbuka yale matope.

Niliporudi, Bibi alikuwa anamlisha Bepari ugali kiganjani, tonge baada ya tonge, vidole vyake na meno yale. Anasema hivyo ndivyo alivyonilisha mimi mama alipofariki. Nikamwambia aache. Akauliza kwa nini. Jibu nikampelekea Bwana Mifugo.

"Shikamoo, Bwana. Namba kumi na tisa na namba ishirini na sita ni mbwa mmoja."

Akavua miwani. "Na huyo aliyekuuma wewe?"

"Hana namba, Bwana."

Mgambo aliyekuwa karibu akachukua bunduki. Bwana Mifugo akamzuia. Akasema Bepari akiwa hai ndiye atakayetupa jibu. Afungwe mnyororo, asiguswe, atazamwe siku kumi tangu aliponiuma. Kama ana kichaa, haitapita siku kumi bila yeye kufa. Akiwa mzima Jumapili ya tarehe 17, basi aliponiuma hakuwa nacho, na sindano zangu zitakoma. Lakini zinaanza leo, maana kichaa kikishamshika mtu hakina dawa.

Kwa hiyo: akifa Bepari, huenda nami nimekwisha.

Gari la serikali limeleta dawa ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Bi Mwamvita akaniambia nitazame ukutani. Ya kwanza nilivumilia kiume. Waliosikia kelele walisikia mbuzi.

Jumanne, 12 Agosti 1975

Sindano ya tano. Tumbo langu ni chujio.

Aminieli anakuja kila asubuhi, kwa amri ya Bwana Mifugo, anasimama mbali na kuandika. "Bepari: amekula. Amekunywa. Amebweka mara tatu." Kuhusu mimi haandiki neno. Watu nao wanampitia Bepari kwanza. Bepari umeamkaje, Bepari umelalaje. Mama Justa kamletea uji, akamsukumia bakuli kwa fimbo. Nikamwuliza mgonjwa ni nani hapa. Akajibu kwamba uji wangu umo ndani ya mbwa.

Bepari ananenepa. Mimi nakonda. Jina alipewa kwa haki.

Alhamisi, 14 Agosti 1975

Bepari hataki maji, kama mbwa wa kichaa!

Bakuli limejaa toka asubuhi. Amelala, macho nusu. Aminieli aliandika "hajanywa". Bi Mwamvita alichoma sindano ya saba bila kunitania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Bibi amekaa uani, mgongo kwangu, anachambua maharage ambayo alikwisha kuyachambua.

Nimeandika wosia. Daftari hili lichomwe. Cheo cha mlinzi wa nyani asipewe Aminieli.

Baadaye, mchana. Nilimfumania Aminieli mwenyewe nyuma ya banda, fimbo mkononi, akisukuma kibuyu cha maziwa kuelekea kwa Bepari. Kumbe ni cha tatu tangu alfajiri! Na Bepari akayanywa yote, mkia ukipiga vumbi. Nani atataka maji, tumbo limejaa maziwa ya balozi?

Nilitaka kumtukana nikashindwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usidhani ni kwa ajili yako," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika amechanjwa. Mkono wangu huu."

Nikamwambia daftari lilidanganywa, si yeye. Akasema anajua. Tukakaa pale kumtazama Bepari akijilamba pua. Ni maneno mazuri kuliko yote tuliyowahi kuambiana, na karibu yote hatukuyasema.

Jumapili, 17 Agosti 1975

Mzima! Alfajiri Bepari alimbwekea Bwana Mifugo na viatu vyake. Sindano zangu zimekoma kwenye ya kumi. Bibi alimshukuru Mungu, akanizaba kofi, akanikumbatia, kwa mpangilio huo.

Bepari amechanjwa mbele ya kijiji kizima, yeye mwenyewe, bila masizi. Akabaki mkali palepale: alitaka kula miwani. Atakaa kwenye mnyororo mpaka Bwana Mifugo aridhike. Mimi nimepewa matuta mpaka Desemba.

Jumatatu, 18 Agosti 1975

Nimefikiri juu ya tuta, mahali pazuri pa kufikiri. Bepari kachomwa mara moja, na tayari anaitwa salama. Mimi nimechomwa mara kumi! Hesabu ni rahisi: hakuna mbwa katika wilaya yetu nzima anayeweza kunidhuru tena.

Wiki ijayo chanjo inakwenda kijiji cha Mamba, na wanatafuta vijana wa kuwashika mbwa. Nimejiandikisha. Wengine wafunge midomo ya mbwa kwa kamba. Kamba ni za watu ambao hawajakamilika. Mimi nitaanza na yule mkali kuliko wote, nimtie mkono mdomoni hadharani, Wamamba waone kazi ya sindano.

Aminieli akaniuliza mkono upi. Nimesema wa kushoto. Wa kulia ninaandikia.