Ridhaa ya Mume Wangu Haikupitia Kwangu

Kwa Mheshimiwa Hakimu,
Chumba namba tatu, ghorofa ya chini.

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na sababu ni wewe.

Jumanne ulimsomea mume wangu ombi la nchi jirani, tulikowahi kuishi, la kutaka arudishwe huko akashtakiwe. Ukamweleza kwamba ana haki ya kupinga. Akasimama kizimbani, akasema amekubali kwenda. Dakika moja, basi! Nilitoka kwa hasira kabla karani hajamaliza kusoma shtaka. Kosa lenyewe silijali. Mume wangu kazi yake ni kupiga pasi kwenye kibanda changu cha ushonaji, labda kaunguza suruali ya mkubwa. Ninacholalamikia ni utaratibu:

1. Sheria inataka ridhaa iwe ya hiari. Huyu bwana hana hiari. Tuna miaka ishirini na sita ya ndoa, na rangi ya mlango nilichagua mimi, majina ya watoto nilichagua mimi. Mtu wa namna hiyo akikwambia amekubali, ulipaswa kushtuka.

2. Sheria inataka apate ushauri kwanza. Mkampa wakili aliyemwona kwa robo saa, na mshauri wake halisi nimekaa benchi la pili nakohoa. Nilikohoa mara nne. Hakugeuka! Nyumbani nikikohoa mara moja tu, anavua viatu.

3. Ulimuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Mheshimiwa, mimi huniambia hivyo kila siku, na bomba la jikoni linavuja tangu mwaka juzi.

4. Eti akishatia saini hawezi kuitengua. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Huyu kajikwaa ulimi mbele ya muhuri wa serikali, nanyi mkaharakisha kugonga.

5. Nasikia amekubali pia kushtakiwa kwa makosa mengine yatakayojitokeza. Mengine yapi? Makosa yake yote ninayo mimi, nimeyatunza kwa tarehe, na sijaruhusu yatumike nje ya nchi.

Kwa hiyo naomba ridhaa hiyo ifutwe, aulizwe upya mbele yangu, na nijibu mimi. Pasi imepoa siku ya nne sasa. Namtaka mume wangu.

Nisalimie karani, askari wa mlangoni aliyenipa kiti, na mkeo, ambaye naamini huwezi kukubali jambo bila kumuuliza.

Ni mimi, kwa unyenyekevu wote,
Mkewe, fundi cherehani.

Tanbihi: Nimefika kuleta barua hii, karani akanipa nakala ya shtaka. Wanamtafuta fundi aliyeshona sare kumi na mbili za maofisa wa forodha. Wezi walizivaa wakapitisha mizigo mpakani. Nilizishona mimi. Niliambiwa ni za walinzi wa ghala, nami sikudadisi. Leseni ya kibanda chetu cha kule ilikuwa kwa jina lake. Mheshimiwa, mume wangu hawezi hata kutia uzi kwenye sindano. Amekubali upesi ili msiulize zaidi. Yafute malalamiko yote matano. Nipo hapa nje kwenye benchi na kitambulisho changu. Wanayemtaka ni mimi, na nimeridhia kwenda. Yeye msimwambie mpaka niwe nimeondoka, maana hilo hatalikubali.